Mafuta Yakiwaka Karaini: Zima, Tibu, Kisha Safisha

Mafuta ya kukaangia hutoa onyo kabla ya kuwaka. Samaki na maandazi huiva vizuri mafuta yakiwa na nyuzijoto 180 hivi. Yakizidi sana hapo, moshi huanza kupanda. Yakiachwa, yatawaka yenyewe hata kama mwali haukuyagusa. Kwa hiyo ukiona moshi, zima jiko.

Yakishawaka

Usimwage maji. Maji ni mazito kuliko mafuta: huzama chini yake, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yaliyouzaa. Ndio unaorusha mafuta yanayowaka hadi kwenye mapazia na darini.

Zima jiko kama mkono unafika bila kupita juu ya moto. Chukua mfuniko wa bati au sinia, ulitelezeshe juu ya karai kuanzia upande wako kwenda mbele. Moto ukikosa hewa hufa. Usilibebe karai kwenda nje, na usifunue kuchungulia. Mafuta yaliyo moto yakipata hewa huwaka upya. Liache hadi lipoe kabisa. Moto ukikushinda, toa watu wote nje, funga mlango, kisha piga simu zimamoto. Tanzania ni namba 114.

Aliyeungua

Mwili kwanza, sakafu baadaye. Vua pete, bangili na nguo isiyogandia ngozi, kisha mwagia jeraha maji ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, unga na ute wa yai visiguse kidonda. Funika jeraha kwa kitambaa safi. Mtoto aliyeungua apelekwe hospitali, na vilevile yeyote aliyeungua uso, mikono, sehemu za siri, au eneo linalozidi kiganja chake.

Kusafisha

1. Fungua milango na madirisha. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, kisha utoke nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini.

2. Mafuta yaliyomwagika yakishapoa, yamwagie mchanga, majivu au unga uliokwisha kuharibika. Yakinywewa, zoa, kisha osha sakafu kwa maji ya moto na sabuni, suuza, urudie hadi isiteleze.

3. Masizi ya ukutani yafute kwanza kwa kitambaa kikavu, kuanzia juu kushuka. Ukianza na maji yatasambaa na kuingia kwenye rangi. Maji ya sabuni yaje mwisho.

4. Mafuta yaliyoungua usiyapikie tena, wala usiyamwage kwenye sinki. Huganda ndani ya bomba na kuliziba. Yatie kwenye chupa au kopo, funga, tupa na taka.

5. Karai lichemshe na maji ya sabuni, liache lilowe, ndipo ulisugue kwa majivu au waya wa kusugulia.

6. Kagua mpira wa gesi. Ukiwa umeyeyuka au kupasuka, nunua mwingine kabla ya kuwasha jiko.

Kabla ya kukaanga tena, weka mfuniko unaotosha karai pale mkono unapofika. Mwonyeshe kila anayepika nyumbani, dada wa kazi na watoto wakubwa pia, namna ya kuutumia, na mkubaliane kwamba mwenye mafuta jikoni haondoki, hata simu ikiita.