Shungi la Jangwani: Somo la Ua na Udongo Wake

Sote twaijua habari ya punje ya haradali. Lakini jamaa ya haradali ni kubwa. Kabichi na figili ni ndugu zake. Alama yao ni moja: kila ua lina majani manne, yamepangwa mfano wa msalaba. Kwa hiyo wataalamu wa kale waliiita jamaa hiyo kwa Kilatini Cruciferae, maana yake wachukuao msalaba.

Ndugu yao mmoja huota katika nchi kame za magharibi ya Marekani, kama Wyoming, Utah na Nevada. Jina lake la kitaalamu ni Stanleya pinnata. Watu wa huko huliita Shungi la Mwana wa Mfalme. Shina lake husimama wima, hata kupata mita moja na nusu. Maua yake ya manjano huchanua tangu chini kwenda juu, nyuzi zake zikitokeza nje kama manyoya.

Basi, uzuri huo una neno la kutuonya. Ua hili hupenda udongo wenye seleniamu, kitu alichokigundua Berzelius katika nchi ya Uswidi, mwaka 1817. Seleniamu yafanana sana na kiberiti. Mimea mingi hudanganyika, huitwaa mahali pa kiberiti, ikadhurika. Lakini Shungi huitwaa kwa wingi, huigeuza hali isiyoudhuru mwili wake, ikawa ngao yake juu ya wadudu. Hata hivyo ngao hiyo si kamili: mwaka 2006 wataalamu walieleza habari za nondo wa kabichi wa namna moja alaye majani yake pasipo kudhurika.

Mnyama wa kufugwa hana kinga hiyo. Mwaka 1856 daktari wa askari huko Fort Randall aliona farasi wakipukutika nywele za shingo na mkia, na kwato zao zikiugua, wengine wakafa. Wafugaji walipata hasara miaka mingi wasijue sababu. Katika miaka ya 1930 ndipo wachunguzi walipotambua kwamba ni seleniamu iliyomo katika majani na nafaka za udongo ule. Shungi lenyewe wanyama hulikwepa wasipokuwa na njaa kali. Lakini palipo na shungi, majani mengine ya hapo yafaa kushukiwa. Hivyo ua likawa mjumbe wa udongo.

Tena msidhani kwamba seleniamu ni sumu tu. Miili yetu yaihitaji, ila kidogo mno. Kwa mtu mzima hesabu yake ni sehemu za milioni za gramu. Kipimo ndicho kitengacho chakula na sumu.

Siku hizi wataalamu wameujaribu mmea huu kuwa msafishaji: hupandwa katika udongo ulioharibika, hunyonya seleniamu, kisha hukatwa na kuondolewa. Kazi hiyo ina maana, kwa kuwa mwaka 1983 huko Kesterson, California, makinda ya ndege yalionekana na vilema kwa sababu ya maji yenye seleniamu yaliyotoka mashambani.

Maswali ya kufundishia:
1. Jamaa ya haradali hutambulikana kwa alama gani?
2. Kwa nini mchungaji wa ng'ombe apaswa kulijua ua hili?
3. Je, katika malisho yenu ni mmea gani uwaonyeshao hali ya udongo?