SOMO LA JUMA: Mahali pa Kuweka Vituo vya Hali ya Hewa Kando ya Barabara

Barabara itokayo Mombasa, ikapita Kilifi na Malindi, ikavuka mto Sabaki na kuendelea Garsen hata kufika upande wa Lamu, ndiyo njia kuu ya watu wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Kwayo hupita wagonjwa waendao hospitali, nazi na maembe yaendayo sokoni, na abiria wa kila siku. Mwezi wa Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, mafuriko yaliharibu njia katika daraja la Mbogolo, na safari baina ya Kilifi na Malindi zikakatizwa. Kwa hiyo haitoshi kujenga barabara imara. Yapasa pia kujua mapema maji yanakuja lini, na yanatoka wapi.

Kazi hiyo ni ya vituo vya hali ya hewa. Lakini kituo kikiwekwa mahali pasipofaa hutoa habari za kupotosha, na msafiri aliyepotoshwa yumo hatarini kuliko yule asiyeambiwa neno. Basi na tutazame namna ya kuchagua mahali.

Jambo la kwanza: Kujua swali

Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, yafaa kuuliza: kituo hiki kitatujibu swali gani? Vituo vya barabarani ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hueleza hali ya eneo zima; hiki huwekwa mahali pa wazi, panapofanana na nchi iliyopazunguka. Namna ya pili hulinda mahali pamoja penye matata, kama vile bonde linalojaa maji. Hiki huwekwa papo hapo penye matata. Mtu akitumia kimoja kwa kazi ya mwenziwe, atapata hesabu iliyo sahihi lakini isiyomfaa.

Jambo la pili: Maji yanatoka wapi

Hapa Sabaki inatupa funzo kubwa. Mto huu huanza nyanda za juu karibu na Nairobi, nao huitwa Athi. Ukisha kupokea maji ya Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia Malindi ndipo uitwapo Sabaki. Safari yake yote ni ndefu. Kwa hiyo mtu aweza kusimama darajani katika jua kali, ardhi imekauka, na huku maji mekundu yanapanda nguzo za daraja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu ya Ukambani hayaonekani Malindi.

Basi kipimamvua kilichowekwa darajani Sabaki hakiwezi peke yake kutabiri mafuriko ya mto huo. Panapofaa kipimamvua ni juu, mvua inakonyesha. Katikati ya safari ya mto pafaa kipimo cha kina cha maji, ili watu wa chini wapate onyo kabla maji hayajawafikia. Hapo darajani pia pafaa kipimo cha kina, ili ijulikane kama yafaa kuvuka ama kufunga njia.

Vijito vidogo vinavyokatiza barabara ni kinyume cha hayo. Maji yake ni ya mvua iliyonyesha jirani, nayo hufika upesi. Hivi hutaka vipimamvua vya karibu, upande wa bara yanakotoka maji, wala si ufuoni. Mvua ya ufuoni si kipimo cha mvua ya Ganze au Bamba, ambako nchi ni kavu zaidi.

Jambo la tatu: Kiwanja chenyewe

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka kanuni. Kipimamvua kiwe mbali na mti au nyumba, walau mara mbili ya urefu wake. Kipimaupepo kiwe juu ya nguzo ya mita 10, na umbali wake na kizuizi uwe walau mara kumi ya urefu wa kizuizi hicho. Kwa hiyo penye mnazi wa mita 15, kipimamvua kiwe mita 30 kutoka kwake, na kipimaupepo mita 150. Isitoshe kutazama upande mmoja tu, kwa maana kwetu upepo hugeuka: kusi huvuma miezi yake, na kaskazi miezi yake. Tena mche wa mwembe ulio mdogo leo utakuwa kizuizi baada ya miaka michache.

Nguzo isiwe ukingoni mwa lami, ambako malori hurusha vumbi na maji. Wataalamu wa barabara wa Marekani hushauri mita 9 hadi 15 kutoka ukingo wa lami. Wala isiwe karibu mno na bahari, kwani chumvi hula chuma.

Jambo la nne: Watu

Kiwanja chaweza kuwa chema, lakini kisipokuwa na mlinzi, betri zitaibwa na mbuzi watajikuna katika nguzo. Ndiyo sababu mradi wa TAHMO, unaoweka vituo katika nchi nyingi za Afrika, huweka vingi katika shule: kiwanja kina ua, walimu hukitazama, na wanafunzi hujifunza. Mwenye shamba naye aombwe ruhusa kwanza, na wazee wa mahali waelezwe. Kituo kinachojulikana faida yake hulindwa na kijiji kizima.

Zoezi la msomaji

Chukua karatasi, uchore njia ya kwenu. Tia alama kila mahali inapokatika wakati wa masika au vuli. Kwa kila alama jiulize: Je, maji haya hutoka karibu au mbali? Je, pana uwanja wazi, usio na minazi? Je, nani atakilinda kituo? Kisha ipeleke karatasi hiyo barazani. Mhandisi mgeni ana vyombo na hesabu, lakini mahali maji yanapopita usiku wa mvua kubwa anapajua zaidi mwenyeji.