Seli Hujuaje Mahali na Wakati wa Kuanza Kunakili DNA?

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora, na hapo njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine Buganda. Njia ilikuwa na vituo vingi, na kila kituo kiliweza kuanzisha safari yake. Seli ya binadamu hufuata utaratibu unaokaribiana na huo inaponakili DNA.

Kromosomu ya 1, iliyo kubwa kuliko zote, ina jozi za besi zipatazo milioni 250. Mtambo wa kunakili husogea takriban jozi 2,000 kwa dakika. Kama kazi ingeanzia katikati tu na kwenda pande zote mbili, ingechukua zaidi ya siku 40. Seli huimaliza kwa saa 8 hivi, kwa kuwa huanzia mahali pengi.

Mahali hapo huteuliwaje? Katika hamira, kundi la protini liitwalo ORC hutambua mfuatano maalumu wa besi. Katika binadamu, ORC haitegemei mfuatano wa namna hiyo. Hushika zaidi mahali ambapo DNA haikukunjwa sana. Hapo huivisha DNA pete za protini ziitwazo MCM. Pete hizo hufanana na wapagazi waliokwisha kufunga mizigo wakingojea ngoma: hazisogei mpaka vimeng'enya maalumu viziamshe. Tangu hapo hakuna pete mpya inayovishwa. Hivyo kila sehemu hunakiliwa mara moja tu.

Wala pete zote haziamshwi pamoja. Sehemu zilizo wazi hutangulia, zilizokunjwa hufuata. Jeni ya beta-globini hunakiliwa mapema katika seli zinazozaa chembe nyekundu za damu, lakini huchelewa katika seli nyingine nyingi.

Kosa la besi moja katika jeni hiyo huleta ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watoto wengi wa Tanzania, wa Tabora wakiwamo. Seli hulinakili kosa hilo kwa uaminifu uleule. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza malighafi ya kujengea DNA, na unakili hupungua kasi. Mgonjwa huongeza himoglobini ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, na vipindi vya maumivu hupungua. Kiasi kikizidi, uboho hushindwa kuzalisha chembe za kutosha. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara.

Zoezi: Kromosomu ya 11, yenye jeni hiyo, ina jozi zipatazo milioni 135. Ikianza kunakiliwa katikati tu, itachukua siku ngapi?