Mdomo wa Mbuzi na Taya la Asilisaurus

Wanachuo wenzangu, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Biharamulo, binti wa kidato cha pili aliniuliza: “Mwalimu, dinosauri waliishi na huku Tanzania?” Nikajibu haraka, “Aa, hao ni wa Marekani.” Darasa likacheka, binti akakaa kimya. Jibu lile linanisumbua hadi leo, maana halikuwa kweli.

Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya majitu kati ya 1909 na 1913. Ila anayenivutia mimi ni mdogo na mkongwe zaidi. Mwaka 2010 wanasayansi walimtangaza Asilisaurus kongwe, kutoka bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa nchi. Aliishi takriban miaka milioni 240 iliyopita. “Asili” na “kongwe” ni Kiswahili chetu hiki hiki. Wengi hawamhesabu dinosauri kamili, bali ndugu wa karibu sana.

Alikula nini? Niliporudi nyumbani Ngara nikawatazama mbuzi, nikaanza kuelewa. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Hubana jani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu, akalivuta. Kisha magego husaga, na baadaye hucheua. Asilisaurus naye, ncha ya taya lake la chini haikuwa na meno. Ilichongoka kama mdomo wa ndege, ikafaa kuchumia majani. Nyuma yake yalifuata meno mafupi kama vigingi, si visu vya kuchania nyama. Magego ya kusagia kama ya mbuzi hakuwa nayo. Kwa hiyo inaonekana alikula mimea, pengine akichanganya na wadudu. Alitembea kwa miguu minne, na kimo chake nyongani hakikuzidi sana cha mbuzi, yaani alifikia majani ya chini chini.

Mbona basi hatumkuti Ngara wala Biharamulo? Miamba mingi ya huku kwetu ina zaidi ya miaka bilioni moja. Ilipoundwa, mnyama mwenye mifupa alikuwa bado hajatokea duniani. Kumtafuta humo ni sawa na kumtafuta mjukuu kwenye picha ya harusi ya babu.

Swali la binti yule lilikuwa zuri, mimi nikamziba mdomo. Wewe unayekwenda kufundisha muhula ujao, usione haya kusema, “Sijui, nitakujibu kesho.” Jibu langu limechelewa, lakini barua nimeshaituma shuleni kwao.