Kiambishi -ji- katika picha za Ayana V. Jackson

Tuanze na sentensi tatu: fundi anampiga picha mwanamke, mwanamke anapigwa picha, mwanamke anajipiga picha. Katika ya kwanza, mwanamke ni shamirisho. Katika ya pili amekuwa kiima, lakini bado hatendi lolote. Ni -ji- inayowafanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja.

Picha za ukoloni zimejaa sentensi ya pili. Kadi za posta alizouza Casimir Zagourski huko Léopoldville zinaonyesha wanawake wengi ambao maelezo yao yanataja kabila, hayataji jina. Ayana V. Jackson, mpigapicha mweusi wa Marekani, alirudia mikao ya picha za namna hiyo kwa mwili wake mwenyewe katika mfululizo wa Archival Impulse.

Mwaka 2023 maonyesho yake From the Deep yalifunguliwa Washington, katika makumbusho ya sanaa ya Afrika ya Smithsonian. Yanatokana na hadithi ya Drexciya, kundi la muziki la Detroit: wanawake wajawazito walitupwa baharini kutoka merikebu za watumwa, na watoto wao wakazaliwa wakipumua ndani ya maji. Jackson anawapa wakaaji hao wa bahari sura yake, akiwa amevaa mavazi ya fahari.

Sisi tunamjua Mamba Muntu, aliyetundikwa katika saloni nyingi za Lubumbashi miaka ya 1970. Mara nyingi wachoraji walimpa ngozi nyeupe na nywele ndefu laini. Alikuwa mwenye nguvu, lakini mwanamke mweusi aliyemtazama ukutani hakujiona ndani yake. Kwa Jackson, mwenye nguvu na anayetazama wana ngozi moja.

Hata hivyo, swali moja linabaki. Waliotupwa baharini hawakujipiga picha. Jackson ndiye anayesema «mimi» mahali pao. Je, si kuwasemea tena? Nadhani tofauti ipo: fundi wa kikoloni alibaki nyuma ya kamera, hali Jackson anauweka mwili wake mbele yake na kutazamwa pamoja nao. Hapo -ji- inabeba umoja na wingi: najipiga, tunajipiga.

Kwa hiyo, tunapoandika maelezo chini ya picha, tuchague kitenzi kwa uangalifu. Tukiandika «amepigwa picha» juu ya kazi ya Jackson, tumemrudisha kwenye kadi ya posta.