Daktari Aliyekuwa Gavana na Ugonjwa wa Ndui

Mwezi huu tumwangalie daktari Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyejulikana kama Emin Pasha. Alianza kama mganga. Mwaka 1878 akafanywa gavana wa Ekwatoria, kusini mwa Sudan, mwenye askari wake. Mwaka 1890, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba.

Mwishoni mwa 1891, magharibi ya Ziwa Albert, ndui iliingia katika msafara wake. Bunduki hazikufaa kitu. Aliwaamuru wazima waondoke na msaidizi wake, yeye akabaki na wagonjwa. Mwaka 1892 aliuawa huko Kongo.

Tunajifunza nini? Kuwatenga wagonjwa hupunguza maambukizo, lakini kilichoishinda ndui ni chanjo. Ilitangazwa kwamba imekwisha duniani mwaka 1980. Surua bado ipo, huenea kwa hewa na huua watoto. Wazazi wa Arusha mjini na vijiji vya Meru, mpelekeni mtoto kliniki achanjwe akiwa na miezi 9, na tena miezi 18.

Mtoto mwenye homa na vipele asichanganyike na wenzake, awahishwe hospitali. Kumtenga mgonjwa si kumtupa: anahitaji maji, chakula na mtu wa kukaa naye.