Koo za Nyoka na Mguu Usiovimba

Mwaka 2014 mtaalamu wa visukuku Jacob McCartney na wenzake walieleza mabaki ya nyoka wa bonde la Rukwa, Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 25. Pingili za uti wa mgongo zilitosha kutambulisha koo, ukiwamo ule wa swila na koboko.

Koo za nyoka zilitengana tangu kale, na sumu zao hutofautiana. Ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Ya koboko hulegeza misuli ya kupumua, mara nyingine bila uvimbe mkubwa. Hivyo mkulima wa Kishapu aliyeumwa asijione salama kwa kuwa mguu haukuvimba. Jeraha lisichanjwe kwa wembe, wala mguu usifungwe kamba. Utulizwe, naye awahishwe hospitali. Mhudumu achunguze kope zinazolegea na pumzi.